Uso Uliokuwa Juu ya Vanishi

Kazi ya Pamba ilikuwa kutoa uchafu, na mtu anayetoa uchafu kutwa nzima mwisho huuona kila mahali. Nalisema hilo mapema msije mkadhani alikuwa mtu mbaya. Alikuwa fundi wa kutengeneza picha zilizoharibika katika jumba la sanaa la mji wao, na jina la Pamba alibandikwa na wenzake kwa ajili ya vile vijiti vyake: anazungushia pamba kwenye ncha, anachovya dawa, anabingirisha juu ya picha taratibu, anatupa kwenye debe, anachukua kingine. Ukimsalimia anaitika bila kuinua kichwa. Ukimkatiza anang'aka.

Picha iliyokuwa mezani kwake safari hii aliichora baba yake mwenyewe. Mzee Brashi, kama mji ulivyomwita, alishafariki zamani, lakini "Foleni ya Maji" ilikuwa hai kuliko wengi tunaopumua. Wanawake wamepanga ndoo bombani, jua kali, mmoja kakalia dumu, wawili wanateta, mtoto kalala mgongoni, na katikati yuko mwanamke aliyegeuka anakutazama wewe, kama vile umejaribu kukatiza foleni na yeye kakuona. Picha hiyo ilichapwa kwenye kalenda na kwenye majalada ya madaftari, ikabandikwa saluni na kwenye mashine za kusaga. Na huyo wa katikati kila mtu alikuwa ndugu yake. "Huyu shangazi mtupu!" "Mwone mama mkwe wangu, macho yale yale ya kunihesabia sukari." Mlinzi wa jumba, mtu mzima mwenye mvi zake, alikuwa akimwamkia kila asubuhi anapofungua chumba: "Shikamoo, shangazi." Hajibiwi, anacheka peke yake, anakwenda kukaa.

Basi ghala la jirani likaungua, moshi ukaingia ndani ya jumba, na maji ya wazima moto yakamalizia pale moshi ulipoachia. Picha ikawa nyeusi, ina michirizi. Jumba likafungwa litengenezwe, na Mkurugenzi akamwita Pamba ofisini kwake.

"Ni ya baba yako," alisema. "Nikimpa mtu mwingine, utanisamehe?"

"Nisingekusamehe," Pamba akajibu, na hakuwa anatania.

Alimpenda baba yake mpaka watu wakamsema. Yeye ndiye aliyemfundisha kushika brashi, kuchanganya rangi, kukaa kimya mbele ya picha mpaka picha ianze kusema yenyewe. Mama je? Mama alikuwa mtu wa kuosha brashi. Ndivyo Pamba alivyomweka akilini tangu utotoni na hakuwahi kumhamisha. Baba anachora chumba cha mbele, Mama yuko uani na kopo la mafuta ya taa, anafikicha nywele za brashi mpaka mafuta yatoke meupe. Mara kwa mara Baba alipaza sauti, "Njoo unitazamie!" na Mama akaingia akifuta mikono kwenye nguo. Mtoto alidhani anaitwa kushika taa.

Siku Pamba alipoanza kazi hiyo walikuwa mezani, yeye na Mama, wanakula. Mama akauliza, "Mnaisafisha vipi?"

"Ni mambo ya dawa, Mama. Nikikueleza utachoka."

"Usiisugue sana."

Pamba akacheka. "Mama nawe! Kwani sufuria?"

Mama akacheka kidogo pia, akamwongezea mboga. Maneno yakaishia hapo, na mimi nikiyafikiria hayo maneno huwa natamani ningekuwepo nimkanyage Pamba mguu chini ya meza.

Sasa sikilizeni jinsi kazi yenyewe inavyokwenda, maana msiba wote umo humo. Mchoraji akimaliza picha huisubiri ikauke, kisha huipaka vanishi, lile tabaka la kung'aa linaloilinda rangi. Vanishi ndiyo mlango. Akishaipaka, amefunga. Kwa hiyo mafundi wa fani ya Pamba wana kanuni moja wanayoishika kuliko zote: rangi iliyo chini ya vanishi ni ya mwenyewe, rangi iliyo juu ya vanishi ni ya mvamizi. Ni kiraka cha fundi wa vichochoroni, au mwenye picha aliyetaka kuipendezesha. Kiraka kinatolewa, mwenyewe anarudi. Pamba alifundishwa hivyo, akawafundisha wengine hivyo, na kwa picha mia moja angekuwa sahihi mara tisini na tisa.

Alizima taa za karakana, akawasha ile taa ya zambarau inayofanya vanishi kuukuu ing'ae kijani. Picha nzima iling'aa vizuri. Ndoo ziling'aa, bomba liling'aa, mtoto mgongoni aling'aa. Katikati, pale penye uso wa yule mwanamke, paliketi doa jeusi.

Pamba akaisogeza taa karibu. Akarudia. Akaleta kioo cha kukuza. Hapakuwa na shaka: uso wote, kuanzia utosini mpaka kidevuni, ulikuwa umepakwa juu ya vanishi na mkono mwingine. Na ukiutazama kwa karibu, haukuwa mkono wa mtu aliyesoma kuchora. Brashi ilikwenda huku na huku. Shavu moja limevimba kidogo, pua imetandazwa bila kupimwa, midomo mizito imefunguka kama mtu anayetaka kusema neno.

"Mshenzi gani huyu," Pamba alinong'ona, "aliyempaka baba yangu tope?"

Alipiga picha za kamera kama kazi inavyotaka, akamwonyesha Mkurugenzi, Mkurugenzi akapiga makofi kwa furaha. Hebu fikiria, uso wa kweli wa Mzee Brashi, ambao hakuna aliyewahi kuuona! Waliafikiana lisitoke neno mpaka siku ya kufungua jumba. Pamba alitaka iwe zawadi kwa Mama pia. Ndiyo, Mama yuleyule ambaye hakumuuliza.

Vanishi ikilainika, chochote kilichokaa juu yake hutoka nayo. Uso ule ulitoka kwa urahisi, karibu kwa hiari. Kijiti kimoja kilichukua jicho la kushoto. Kingine kikachukua pembe ya mdomo. Pamba alifanya kazi huku akiimba, mtu ambaye wenzake hawakujua kama ana sauti ya kuimba, na debe likajaa pamba zenye rangi ya hudhurungi. Chini yake ukaibuka uso mwingine: mwembamba, laini, pua imenyooka, midomo midogo imefungwa, kivuli cha shavu kimeteremka bila kosa. Ulikuwa umechorwa kwa ustadi wa kutisha. Pamba alilia. Alisema kwa sauti, "Karibu tena, Baba."

Asubuhi yake mlinzi akaingia karakana na chai. Akasimama mbele ya picha, kikombe mkononi.

"Dada, huyu nani?"

"Ni yule yule, kabla hajachafuliwa."

Mlinzi akatazama tena. "Anangoja maji kweli huyu? Mimi naona anangoja gari lake."

"Ndivyo Baba alivyomchora."

"Aa," mlinzi akasema, akaweka kikombe chini. "Basi miaka yote mimi nimemwamkia mchafuzi." Akatoka. Utani ule ulimchoma Pamba, lakini ulimtia hasira tu, haukumfikirisha. Akajiambia kwamba watu hupenda walichozoea, hata kama ni kasoro.

Ila kitu kilishaanza kumtambaa moyoni. Kila alipoingia karakana alikuta wale wanawake wengine wote wamo kwenye jua lao, wametota jasho, na huyu wa katikati amekaa kama mgeni aliyetoka kuoga. Akaona heri asingoje siku ya sherehe. Akamleta Mama mapema, mchana, jumba likiwa tupu.

Mama alitembea polepole, goti lake lilikuwa linamsumbua. Alianza pembeni mwa picha kama mtu anayeingia nyumba ya watu na kusalimia kuanzia mlangoni. "Ndoo hii aliirudia mpaka nikamwambia sasa itatoboka," alisema, akacheka. "Na huyu kwenye dumu, alimchora jirani yetu, jirani akakataa katakata, akasema si yeye." Akasogea. Akafika katikati, kicheko kikamkauka.

Alisogeza uso karibu na picha, Pamba akadhani anaficha machozi ya furaha.

"Mama?"

"Yule mmemweka wapi?"

"Yule nani?"

"Mimi," Mama akasema.

Pamba hakuelewa, kisha akaelewa. Akakaa sakafuni palepale, fundi mzima, mbele ya mama yake.

Mama alimsimulia akiwa amesimama, bila kupandisha sauti. Baba yake alifundishwa kuchora nyuso kwa kutazama vichwa vya plasta vilivyopangwa darasani, vichwa vyeupe vya watu wasiojulikana, pua nyembamba na midomo ya kubana. Mwaka baada ya mwaka alichora vichwa vile, mpaka mkono ukajua njia hiyo moja tu. Aliweza kuchora mgongo wa mwanamke wa kwao, mkono wake, nyayo zake zilizopasuka. Akifika usoni, plasta inamrudia. Picha ya foleni ilikuwa imekwisha, imepakwa vanishi, wenye kuinunua wanakuja wiki ile.

"Nikamwambia, huyu mwanamke wako hajawahi kubeba ndoo. Akakasirika! Akaniambia mimi najua nini. Nikamwambia najua foleni, nashinda huko kila siku wewe ukichora. Akatoka, akaubamiza mlango. Basi na mimi nilikuwa na hasira, mwanangu. Nilikuwa kijana. Nikachukua kioo chake cha kunyolea nikakisimamisha kwenye kopo, nikajitazama, nikajichora. Nilipokosea sikufuta, sikujua kufuta."

"Na Baba?"

"Alirudi jioni. Akakaa kwenye kiti akaitazama picha mpaka chakula kikapoa. Nilijua leo napigwa au naachwa. Akasema, 'Usiguse tena.' Nikasema sigusi. Akasema, 'Usiguse, isije ikaharibika.' Tangu siku hiyo hakumaliza uso wa mtu bila kuniita nimtazamie."

Pamba alijishika kichwa. "Kwa nini hukusema, Mama? Miaka yote hii, kwa nini hukuniambia?"

"Ilikuwa ya mimi na yeye. Ugomvi wa chumbani unaupeleka sokoni?" Mama akainama kumtazama. "Wewe ulipoona rangi juu ya vanishi, hukujiuliza ni ya nani?"

"Nilijiuliza."

"Ukamuuliza nani?"

Kilichobaki duniani cha uso ule kilikuwa kwenye debe la karakana, kimechanganyika na masizi. Pamba alisema atakwenda kwa Mkurugenzi saa hiyohiyo amwambie kila kitu. Mama akamshika bega.

"Usiseme. Baba yako ameacha jina tu, hakuacha kingine. Watasema alikuwa anachorewa na mkewe. Na wewe watakufukuza kazi. Niahidi."

Pamba akaahidi. Na tusemezane ukweli, ahadi hiyo ilimfaa. Ilimpa mahali pa kuficha kosa lake na kuliita utii kwa mzazi. Alikwenda nyumbani nayo, akalala nayo, ikamchoma mbavu kila alipogeuka.

Siku ya kufungua jumba watu walijaa mpaka ngazini. Walikuja na watoto, walikuja na wazee waliowashika mikono, wengi wao watu ambao hawakuwa na shida na picha nyingine yoyote humo ndani. Walikuja kumwona mtu wao. Mkurugenzi alishika kipaza sauti, akasema mengi, kisha akavuta kitambaa kilichofunika picha na kutangaza kwamba leo, kwa mara ya kwanza, mji unauona mkono halisi wa Mzee Brashi. Wageni wa safu ya mbele wakapiga makofi. Nyuma, makofi yakaanza, yakasita.

"Shangazi yuko wapi?" mtoto mmoja akauliza, na hakuna aliyemnyamazisha.

Mwanamke muuza mkaa, kucha zake bado nyeusi, alipenya watu mpaka mbele. Akaitazama picha kwa karibu, akageuka. "Mmeuza ile ya kweli," alisema. "Mmeiuza, mkatuletea hii."

"Hapana, mama, hapana! Hii ndiyo ya kweli," Mkurugenzi akasema. "Ule uso mliouzoea ulipakwa na mtu baadaye, asiyejua kuchora. Fundi wetu ameuondoa. Huu ndio alioukusudia mchoraji."

"Alikusudia huyu?"

"Huyu."

"Basi alikuwa anatuchora bila kututazama," muuza mkaa akasema, na watu wakaguna kumkubali. Mwingine akadakia, "Alikuwa anatuonea haya huyo mzee!" Kicheko kikapita, kicheko kibaya, cha watu walioumia.

Pamba alikuwa amesimama kando ya ukuta. Alimtazama Mama aliyeketi safu ya mbele kama mjane wa mchoraji, akaona mgongo wake unanyooka. Lile Mama aliloliogopa, jina la mumewe kuchafuka, ndilo lilikuwa linatokea, na lilikuwa linaletwa na kimya kilekile alichokiomba. Mama akasimama. Goti likamsaliti kidogo, akashika kiti, akaenda mpaka penye picha na kugeuka kuwatazama watu.

"Aliwatazama," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, watu wakanyamaza wasikie. "Msimseme hivyo mume wangu. Mnayemtafuta ni mimi. Uso ule niliuchora mimi, wangu mwenyewe, na yeye akaukubali akauacha. Ni mimi."

Watu walimtazama. Waliona bibi mwembamba, mashavu yameingia ndani, macho yana utando wa uzee. Walitafuta kwenye uso ule mwanamke wao wa foleni, hawakumwona. Hawakumcheka, na afadhali wangemcheka. Kijana mmoja akaleta kiti cha plastiki mbio. "Kaa, bibi, usije ukaanguka." Mwanamke mwingine akamshika kiwiko kwa upole. "Pole, mama. Pole sana. Kumpoteza mwenzio si mchezo."

"Ni mimi," Mama akarudia, huku wakimketisha.

Mkurugenzi akainamia kipaza sauti. "Tumpe mjane wetu makofi. Siku ya leo ni nzito kwake." Na watu wakampigia, makofi ya huruma, yale anayopigiwa mtoto aliyesahau shairi. Mama alitazama huku na huku akimtafuta mtu mmoja katika chumba kile ambaye angeweza kusema kwamba hajachanganyikiwa.

Pamba alisikia sauti yake mwenyewe kabla hajaamua kuitoa. "Acheni makofi! Nyamazeni!" Akaja mbele, akasimama kando ya kiti cha Mama. "Ni kweli. Ni yeye. Mimi ndiye fundi. Ni mama yangu, na mimi ndiye niliyemfuta."

Mkurugenzi akazima kipaza sauti. Muuza mkaa alimtazama Pamba kwa kituo, tangu usoni mpaka kwenye vidole vyake safi, halafu akamtazama bibi kitini.

"Hukumuuliza?"

"Sikumuuliza."

"Basi mrudishe."

"Nina picha zake za kamera," Pamba akasema, na machozi yakawa yanamtiririka bila aibu. "Naweza kuchora uso unaofanana."

"Sijakuomba unaofanana. Nimesema mrudishe."

"Siwezi," Pamba akasema. "Haiwezekani tena."

Hakuna aliyemtukana. Afadhali wangemtukana. Muuza mkaa alimwacha kama mtu anavyoacha bomba lisilotoa maji, akaenda akapiga magoti mbele ya kiti cha plastiki, akamtazama Mama usoni. Mwingine akaja, na mwingine. Walijipanga bila kuambizana, wakiinama mmoja mmoja, wakitafuta katika ule uso wa bibi macho waliyoyajua, shavu walilolijua, mdomo uliotaka kusema neno. Mama hakuwa amezoea kutazamwa. Alivumilia wa kwanza, akavumilia wa pili, kisha akavuta mtandio wake akajifunika uso.